Figo Hazimjui Muthama

Ninyi mnaoanza kazi ya maabara, wekeni simu chini kidogo. Nataka kuwaeleza jinsi nilivyowahi kumwandika kwenye karatasi za utafiti mwanamume ambaye hakuwahi kuzaliwa, nikamchorea na mstari wa marehemu, na jinsi maandishi hayo yalivyokaribia kumponza kijana mwenye afya yake. Sikumwandika kwa uvivu. Ningekuwa mvivu ningejisamehe mapema. Nilimwandika kwa adabu, na hiyo ndiyo sababu naieleza habari hii kila ninapopewa nafasi, hata kama watu wameshaisikia na wanaangalia mlango.

Mtaani naitwa Mama Mutheu. Nimestaafu, naishi Mbotela, na nimewatoa damu watu wa Eastlands, mitaa ya mashariki mwa jiji, kwa miaka mingi hata nikienda sokoni naitambua mikono kabla ya nyuso. Yule mwenye viazi ana mshipa unaokimbia. Yule mwenye cherehani alizirai hata kabla sijafungua sindano, na mpaka leo ananipunguzia bei ili nisiwaambie wenzake. Mkono wa mtu haudanganyi. Karatasi ndiyo hudanganya, na mara nyingi aliyeifundisha kudanganya ni sisi wenyewe tulioishika kalamu.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Bwana Wekesa, mtu wa Bungoma, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Siku yangu ya kwanza alinikabidhi chupa ya mkojo na kuniambia niuchemshe. Nilidhani ananitania kama mgeni. Kumbe ndivyo figo zilivyopimwa wakati ule: unaujaza mkojo kwenye kijichupa chembamba, unaupasha moto sehemu ya juu tu, unatia matone ya asidi ya siki. Ukibaki na ukungu mweupe kama ute wa yai ulioanza kuiva, basi protini inapita, figo zinavuja. Ukisafishika, mwambie mtu aende nyumbani. Siku hizi mna vijiti vya rangi, unachovya na kusoma kabla hujamaliza kupiga chafya. Sisi tulinuka mkojo uliochemshwa mpaka kwenye nywele, na mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akiniuliza mlangoni, "Leo ulipika ngapi?"

Bwana Wekesa alikuwa na hasira, lakini hasira yake ilikuwa na masomo ndani. Mara moja mzee wa Kayole alituletea mkojo, nikaupima, sukari ikatoka nyingi ajabu. Nilikuwa nimeshajipanga kumpa pole ya ugonjwa wa kisukari na kumhesabia vyakula vya kuacha. Bwana Wekesa akaichukua chupa, akainusa mdomo, akaniangalia juu ya miwani. "Mumbua," akasema, maana hilo ndilo jina langu la ubatizo wa nyumbani, "huyu mzee haumwi. Hii ni soda ya machungwa. Hakuisuuza chupa." Mzee alirudishwa nyumbani akiwa mzima kabisa, na mimi nikapewa adhabu ya kuosha vyombo wiki nzima. Tangu siku hiyo, kabla ya kuamini kipimo, niliuliza kimetoka ndani ya chombo gani.

Somo lake kubwa lilikuwa la majina. Jina linaandikwa kwenye tyubu mgonjwa akiwa bado ameketi mbele yako, damu ikiwa bado ya moto. Haliandikwi mezani, wala baada ya chai, wala "nitakumbuka". "Usishike tyubu mbili zisizo na jina," alikuwa akisema, "hata ukiwa na akili ya malaika." Nililishika somo hilo mpaka likawa kama kuvaa viatu. Katika miaka yangu yote niliharibu mambo mengi. Wakati sampuli za jeni zilipoanza, tulipoishiwa na tyubu za kifuniko cha zambarau nilitumia za kijani, nisijue kwamba dawa iliyomo ndani ya kijani inaizuia mashine isiweze kuzisoma jeni. Watu kumi na wanane walichomwa sindano bure, nikawapigia simu mmoja mmoja kuwaomba radhi, na mama mmoja akaniambia damu yake si maji ya mfereji. Hayo yote nakubali. Lakini kubadilisha jina la damu ya mtu, sikuwahi.

Likumbukeni hilo, kwa sababu nitashtakiwa nalo hivi punde.

Miaka michache kabla sijastaafu ulikuja utafiti wa figo kwenye mitaa yetu. Mkuu wake alikuwa Daktari Nekesa, binti mdogo kuliko mwanangu Mutheu, mwenye kichwa kikali na viatu vya kukimbilia. Alitaka kujua kwa nini katika nyumba moja watu wawili wanakula chakula kilekile, wanakunywa maji yaleyale, wana presha ileile, mmoja figo zinakufa na mwingine anafika uzeeni akilalamika magoti tu.

Alitueleza hivi, nami nawaeleza kama nilivyoelewa. Kinga ya mwili ikikutana na ugonjwa huwaka. Ni kama jiko la makaa: lazima liwake ndipo lipike, lakini kazi ikiisha unafunga kile kimlango cha chini. Kuna jeni zinazolisimamia jiko hilo, na jeni hizo hazina sura moja kwa watu wote. Wapo waliozaliwa na sura inayoacha kimlango wazi. Wakipata homa kali au kirusi, kinga inawaka na kuendelea kuwaka, na figo, ambazo ni laini, zinaungua polepole bila kuuma. Kuna jeni moja hasa ambayo hatari yake huja ukiirithi kutoka pande zote mbili, kwa baba na kwa mama. Ukiwa nayo ya upande mmoja, mara nyingi unaishi zako tu bila kujua. Na hata ukiwa nazo mbili, si lazima uugue. Wengi hawaugui. Lakini si mtu wa kutoa figo moja akabaki na nyingine, maana hiyo inayobaki ndiyo atakayoitegemea jiko litakapowaka.

Kwa hiyo kazi zangu zilikuwa mbili: kutoa damu na kuchora ukoo. Mraba ni mwanamume, duara ni mwanamke, mstari wa kukata ni marehemu, na ukimtia wino mweusi ni aliyeugua figo. Niliipenda kazi hiyo kupita kiasi. Watu hufunguka wakichorewa ukoo wao, wanasogeza viti, wanabishana nani alimtangulia nani.

Ndipo nikafika Kayole, kwa Mwende.

Mwende alikuwa fundi wa kushona sare za shule, mama wa watoto wawili, umri wake miaka thelathini na kidogo, na figo zake zilikuwa zimekwisha. Mara mbili kwa wiki alilazwa kwenye mashine ya kusafisha damu. Kaka yake mdogo, Kimeu, alikuwa akiishi Kware na kufanya kazi kwenye kiwanda cha mabomba, kijana mwenye kifua na mzaha mwingi, na alikuwa ameshasema mbele ya kila mtu kwamba atampa dada yake figo moja. Mama yao, Katunge, alikuwa amekufa zamani kwa ajali ya barabarani. Aliyebaki ni bibi mmoja, Kalunde, aliyekaa na Mwende, mkavu, mnyoofu, macho makali. Watoto walimwita Susu, yaani nyanya.

Siku hiyo Kimeu naye alikuwa amekuja, nikatoa damu za wote watatu, nikaandika majina pale pale, nikafungua karatasi ya ukoo.

"Baba yao anaitwa nani?" niliuliza.

"Mwanangu, Muthama," akasema Kalunde.

"Yuko wapi?"

"Hayuko."

Akaniangalia. Mimi ni Mkamba kama yeye, kwa hiyo nilielewa kabla hajapepesa jicho. Kwetu, mama aliyekosa mtoto wa kiume aliweza kuoa. Ndiyo, mwanamke alimwoa mwanamke, akalipa mahari yote, akamleta msichana nyumbani awe mke wa mwana ambaye hakumpata. Huyo mwana anapewa jina, ana mke, ana watoto, ana shamba. Kitu pekee asicho nacho ni mwili. Mwanamume wa kuzaa huchaguliwa kimyakimya, anazaa, anaenda zake, na watoto ni wa nyumba ile moja kwa moja. Kumuuliza mtoto wa nyumba kama hiyo nani alimzaa ni tusi. Ni kama kumwambia pakia vitu vyako, hapa si kwenu. Sisi tuliokulia huko tunafundishwa hilo kabla ya kufundishwa kunawa mikono.

Basi mimi, mwenye adabu zangu, nikachora mraba. Nikaandika Muthama. Nikamkata kwa mstari wa marehemu. Kwenye sehemu ya ugonjwa wa figo upande wa baba nikaandika: hakuna. Na ilikuwa kweli tupu, maana mtu asiyezaliwa hawezi kuugua figo. Kalunde aliitazama karatasi, akanikaribisha chai ya maziwa, akanipa na viazi vitamu vya kubeba. Nilitoka pale nikijisifu moyoni kwamba Daktari Nekesa angetuma mtu mwingine, angeharibu.

Miezi ikapita. Hospitali iliyokuwa ikimtibu Mwende ikampima Kimeu kila kitu. Mkojo safi, presha safi, damu inalingana na ya dada yake kuliko walivyotarajia. Wakauliza habari za ukoo, Mwende akawapelekea nakala ya karatasi yangu, ile nzuri niliyoichora kwa rula. Upande wa baba, hakuna. Upande wa mama, hakuna. Wakapanga siku ya upasuaji. Kimeu akanipigia simu akicheka: "Auntie, wiki tatu tu! Nimeambia sista aanze kutafuta nguo ya kusherehekea."

Wiki hiyohiyo majibu ya jeni yakarudi. Yalikuwa yamepimwa mbali, kwa mafungu makubwa, na yalichukua nusu mwaka. Daktari Nekesa akaniita ofisini, akafunga mlango.

"Mama Mutheu, tuna shida na familia ya Kayole. Kimeu anaonyesha ile jeni pande zote mbili, sawa na dada yake."

Nilikaa.

"Lakini siwezi kuyaamini majibu haya," akaendelea. "Angalia mwenyewe. Huyu bibi ni mama wa baba yao, sivyo? Mashine inasema hana undugu nao hata kidogo. Ni kama mtu uliyemwokota barabarani. Kwa hiyo tyubu zilichanganyika siku ile. Na kama ya bibi ilichanganyika, siwezi kujua ya Kimeu ni ya nani. Itabidi niyafute yote matatu."

"Tukirudia?"

"Tutarudia. Lakini fungu lijalo litarudi baada ya miezi. Upasuaji ni baada ya siku kumi na saba. Siwezi kuiambia hospitali isimamishe kwa sababu ya tyubu zilizochanganyika." Akashusha sauti. "Sikulaumu. Kila mtu huchoka. Tia sahihi hapa kwamba inawezekana ulikosea majina, tufunge faili."

Vijana wangu, nawaambia bila aibu kwamba kitu cha kwanza kilichonipanda ni kiburi. Mimi? Kuchanganya tyubu? Niliisukuma ile fomu pembeni kwa hasira. Kisha hasira ikashuka, nikabaki na kitu kibaya zaidi, yaani hofu, kwa sababu niliona njia zote mbili zilikoelekea. Nikitia sahihi, siri ya Kalunde inabaki salama, na Kimeu analala kwenye meza ya upasuaji. Nikikataa kutia sahihi, lazima niseme kwa nini bibi si damu yao, na siri hiyo si yangu. Niliomba siku mbili. Daktari alinitazama kama mtu anayetazama mzee aliyeanza kusahau, akanipa.

Nilikwenda Kayole asubuhi iliyofuata, Mwende akiwa kwenye mashine na watoto wakiwa shuleni. Kalunde alikuwa akichagua maharagwe kwenye ungo. Nilimwamkia, nikaketi chini, nikamsaidia kuchagua. Nilichagua mpaka nikaona naanza kutupa mazima na kuacha mawe.

"Mwaitu," nikasema, na hilo ndilo neno letu la kumwita mama kwa heshima, "nimekuja kukuuliza jambo ambalo sikulelewa kuliuliza."

Hakuinua macho. "Basi usiulize."

"Nitauliza. Nani alizaa na Katunge?"

Ungo ukasimama. Nilisubiri anifukuze. Nilikuwa nimeshaamua kwamba akinifukuza nitakaa hapo hapo ngazini mpaka jioni, na kesho nirudi.

"Katika nyumba yangu," akasema polepole, "baba ni Muthama."

"Najua. Mimi ndiye niliyemwandika. Lakini figo hazimjui Muthama, Mwaitu. Figo zinamjua yule mwingine."

Nikamweleza yote, kwa Kikamba, bila neno hata moja la kitabu. Nikamweleza juu ya jiko na kimlango chake. Nikamwambia kwamba Kimeu anacho kitu kilekile kilichoziua figo za dada yake, kwamba kwake bado kimelala, na kwamba baada ya siku kumi na sita watamtoa figo moja na kumwacha na moja, kwa sababu ya mraba niliouchora mimi. Alinisikiliza huku akiviringisha haragwe moja kati ya vidole.

"Umekuja kuniondolea watoto," akasema.

"Hapana."

"Shemeji zangu wanangoja. Siku watakayosikia jina la mtu mwingine watasema hawa si wa shamba lile. Karatasi yako itaenda kwa chifu."

"Haiendi kwa chifu. Haiendi popote ila kwa daktari, na hata jina sitaandika. Nataka kujua kitu kimoja tu. Yule mtu, alikufaje?"

Jirani aliwasha redio, akaizima. Halafu Kalunde akasema, akiwa bado ametazama maharagwe, kwamba alikuwa mchonga vinyago, mtu mpole, mwenye mikono mizuri, na kwamba alimchagua yeye mwenyewe kwa ule upole. Miguu ilivimba kwanza. Kisha uso, asubuhi, mpaka macho hayafunguki. Mkojo wake ulikuwa na povu. Hakufika miaka arobaini. "Tulisema amerogwa," akasema. "Na mdogo wake akafuata vivyo hivyo."

"Mwende na Kimeu, wote ni wake?"

"Wote wawili."

Nilijifunika uso kwa leso nikalia, mtu mzima na nguo yangu ya kazi. Yeye hakulia. Aliniambia nisiharibu maharagwe yake. Kisha akasema, "Mwambie daktari wako. Lakini hawa watoto nitawaambia mimi. Jambo la nyumba hii halisemwi na mtu wa nje."

Siku ileile nilimrudia Daktari Nekesa. "Tyubu hazikuchanganyika," nikamwambia. "Aliyekosea ni mimi, lakini si pale unapodhani. Karatasi ya ukoo niliijaza kwa mila, sikuijaza kwa damu. Bibi si damu yao na hakuwahi kuwa. Baba aliyewazaa alikufa amevimba, na ndugu yake pia. Majibu yako ni ya kweli." Akavuta simu papo hapo. Mwende na Kimeu walikuwa wameweka alama kwenye fomu ya ridhaa kwamba kikionekana kitu kinachohusu afya yao waambiwe, kwa hiyo barua iliandikwa jioni ile ile, na hospitali ikasimamisha upasuaji. Mimi nilipewa onyo la maandishi, nililolistahili, na nililihifadhi.

Jumapili baada ya kanisa Kalunde aliwaita watoto wake, akaniita na mimi nikae kando. Aliwaambia kwa maneno machache kuliko niliyotumia hapa. Nilidhani Kimeu atauliza habari za baba. Hakuuliza hata kidogo. "Susu, mimi ni wa Muthama," akasema. "Hiyo haibadiliki." Kisha akanigeukia mimi, na mzaha wote ulikuwa umemtoka usoni.

"Lakini Auntie, si nilipita test zote? Niko fiti! Niko tayari kusaini hata saa hii. Figo ni yangu, si ya daktari."

"Watakataa," nikasema. "Na wakikubali, nitakwenda kulala mlangoni mwao."

Mwende alikuwa amekonda, mkono wake wa mashine umevimba kama kamba iliyofungwa fundo. Alisimama, akaja mpaka mbele yangu. "Wewe ndiye uliyeandika hakuna," akaniambia. "Ungeuliza siku ile, nisingeanza kutumaini. Ulinipa figo, halafu ukaichukua." Akaingia chumbani.

Nisimame hapa kidogo niwape kazi ya mikono, maana sikuja kuwaliza. Mkichora ukoo, tumieni karatasi mbili. Ya kwanza ni ya nyumba: nani alikulea, unaitwa wa nani, nani atakuzika. Ijazeni mbele ya watu wote na kunyweni chai. Ya pili ni ya damu, na hiyo huulizwa kwa mtu mmoja, mlango ukiwa umefungwa, baada ya kumweleza inakwenda wapi na haiendi wapi. Mwacheni akatae. Akikataa, andikeni "haijulikani". Neno hilo halina aibu. Kama ningeandika haijulikani siku ile, hospitali ingeuliza, ingetafuta, ingesubiri majibu. Nililoandika ni "hakuna", na daktari akisoma "hakuna" hufunga ukurasa. Na msidhani hili ni la Wakamba tu. Ziko nyumba za kurithi mjane, za watoto waliolelewa na shangazi, za mjini ambapo baba alibadilishwa na hakuna aliyeambiwa. Kila jamii ina swali lake lisiloulizwa, na wewe wa jamii hiyo ndiye utakayeliruka kwa urahisi kuliko mgeni.

Nilistaafu mwaka uliofuata. Sikuacha kazi. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi napima presha na mkojo kwenye ukumbi wa kanisa hapa Mbotela, bure, kwa yeyote anayekuja, na daktari mmoja hupitia majibu. Kimeu nilimpangia kila miezi mitatu. Dawa ya kuizima ile jeni sina, na Daktari Nekesa anasema bado inatafutwa, lakini mtu akijulikana mapema kuna mengi ya kufanya: presha ishikwe, asimeze dawa za maumivu ovyo, akipata homa kali asikae nayo nyumbani. Alikuja mara ya kwanza, akanipa chupa bila salamu. Mara ya pili hivyo hivyo. Mara ya tatu hakuja. Nilimpigia simu, hakushika. Nilikwenda Kware nikapanda ghorofa sita nikapumzika kila ngazi, nikakuta kufuli. Nilirudi wiki iliyofuata nikapanda tena. Mwende alikuwa hajasema nami neno kwa mwaka na zaidi.

Jumamosi ya mwezi uliopita nilikuwa nimeanza kukusanya vyombo. Mlango ukafunguliwa, akaingia Mwende, polepole kama anavyotembea siku hizi, amemshika Kimeu kwa kola ya koti na hakumwachia mpaka meza yangu.

"Huyu ametoroka," akasema. "Mpime."

"Auntie, huyu sista amenitoa job," Kimeu akalalamika, mwanamume mzima na ndevu zake. "Sijisikii mbaya! Niko sawa!"

"Nyamaza. Hizo figo saa hii moja ingekuwa ndani yangu. Sikupewa. Basi kama si zangu, zitakaa vizuri hapo zilipo, nimekwambia."

Kimeu alichukua chupa akaenda. Mwende alibaki amesimama. Nilimpa kiti, akakataa. Kimeu aliporudi nilichovya kijiti, nikaangalia saa, na sote watatu tukakiinamia. Kilibaki njano, protini haipiti. Mwende alikishika mwenyewe, akakisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akakilinganisha na rangi zilizochorwa kwenye kopo la vijiti, moja baada ya nyingine.

"Mwandikie tarehe ya kurudi, Auntie," akasema.

Nikaandika. Aliikunja ile karatasi, akaitia kwenye mfuko wa shati la ndugu yake, akaufunga kifungo.